Mikono ya kwenye runinga, mikono ya mama mkwe

Vipindi vya mapishi navipenda sana. Navitazama kwa umakini uleule ambao mume wangu huutoa kwa mpira, na ninachokitazama hasa ni mikono. Namna kitunguu kinavyokatwa bila kuondolewa kitako chake, ili matabaka yasiachane. Namna mpishi anavyoinamisha kikaango, akachota kwa kijiko mafuta yaleyale yaliyomo na kummwagia samaki mgongoni, samaki akaiva juu na chini bila kugeuzwa. Mambo haya ukiyasoma hayakai kichwani. Ukiyaona mara moja, kesho mkono unayajaribu wenyewe.

Nilikulia Kirumba, hapa Mwanza, jirani na soko la samaki la Mwaloni, na nyumbani hatukuwa na runinga. Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 1970, lakini huku Bara vituo vya kwanza vilianza kurusha matangazo mwaka 1994, na hata baada ya hapo seti moja ilikuwa ya mtaa mzima. Mnaenda kwa jirani, mnakaa chini, mnatazama anachotaka mwenye nyumba. Mapishi tuliyaona jikoni kwa mama tu. Mwaka 2013 mitambo ya analojia ilipozimwa hapa Mwanza na kila nyumba ikahangaikia king'amuzi, ndipo nikajua kuna watu duniani wanaopika mbele ya kamera kutwa nzima.

Aliyenikalisha chini kwanza ni Siba Mtongana wa Afrika Kusini, aliyekulia Mdantsane. Kumwona mwanamke Mwafrika akiwa mwenye jiko katika chaneli inayotazamwa dunia nzima kulinigusa. Kwao kuna umngqusho, mahindi yaliyopondwa na kupikwa na maharage, chakula kisichotofautiana sana na makande yetu. Nikajiambia kwamba kama vyakula vya namna hiyo vina haki ya kuelezwa kwa heshima na kupakuliwa kwenye sahani nzuri, basi makande na dagaa navyo vina haki hiyo.

Mama mkwe wangu alihamia kwetu Nyakato kutoka Kwimba, magoti yalipoanza kumsumbua. Tunamwita Mayu, kwa Kisukuma. Kiingereza hakijui, kwa hiyo naye hutazama mikono tu, na mikono haimfichi kitu. Jioni moja nilikuwa natazama kwenye simu video za Jacques Pépin, Mfaransa ambaye kwa miaka mingi amefundisha mapishi katika televisheni ya Marekani. Alipasua yai, akaacha ute udondoke, kisha akapitisha kidole gumba ndani ya ganda na kukomba ule ute uliobaki umenata. Mayu aliinama karibu na simu. “Rudisha,” akasema. Nikarudisha. Akatazama tena, akatikisa kichwa kwa kukubali. “Huyu kafunzwa na mama yake. Huyu ameijua njaa.”

Na ni kweli. Pépin alizaliwa mwaka 1935, akakua wakati wa Vita vya Pili vya Dunia chakula kilipokuwa cha kutafuta kwa taabu, na mama yake alikuwa mpishi mwenye mgahawa wake. Nilipomweleza Mayu hayo hakushangaa hata kidogo. Alikwisha kuyasoma yote kwenye kidole gumba.

Tangu hapo nikawa namtazama yeye na runinga kwa pamoja, na nikaona maswali yake yanarudi palepale. Mpishi akimwaga maharage kwenye sufuria, Mayu atauliza yametoka wapi na yamehifadhiwaje yasitobolewe na wadudu. Akikaangwa samaki, atauliza walimnunua siku gani. Moto ukizungushwa kwa kitufe, atauliza nani analipia. Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho vipindi vyote vile havikuwa vimenifundisha: kipindi cha runinga huanza chakula kikiwa tayari kimefika mezani. Kubana matumizi huwa kumeshafanyika au kumeshashindikana kabla ya hapo, juani, sokoni na kwenye kalenda. Anayefika jikoni na vitu vilivyonunuliwa vibaya hana tena cha kuokoa isipokuwa chembe chache za chumvi.

Chukua dagaa, ambao sisi watu wa Kirumba tunadhani tunawajua. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za sola. Taa huwekwa juu ya maji, dagaa wanaifuata, nyavu zinawazunguka. Mbalamwezi ikikolea, taa haifui dafu mbele ya mwezi: maji yote yana mwanga, dagaa hawakusanyiki, na wavuvi wengi wanaivuta mitumbwi nchi kavu na kupumzika. Siku hizo Mwaloni bei inapanda. Likija giza wanarudi majini, mzigo unakuwa mwingi, bei inashuka. Baba yangu mdogo alivua dagaa, nami nilijua siku za giza na za mbalamwezi kabla sijajua vizuri majina ya miezi ya shule. Anayenunua dagaa bila kutazama angani analipia mwezi mpevu.

Hilo ni la mwezi. Kuna la mvua. Masika na vuli dagaa hawakauki upesi. Wakinyeshewa wakiwa wameanikwa, mafuta yao yanachacha, rangi inageuka ya njano au kahawia, na harufu yake hata limau haliiondoi. Mimi nanunua kiangazi, katika giza, wa kuweka ndani. Nachagua wanaong'aa rangi ya fedha, wakavu wa kuvunjika kwa kidole. Na nachagua walioanikwa kwenye vichanja, si waliotandazwa mchangani, ingawa wa mchangani ni rahisi kidogo. Ukishapoteza maji, muda na subira kuutoa mchanga, ule urahisi hauonekani tena. Nikifika nyumbani nawaanika tena juani kabla ya kuwafungia kwenye ndoo yenye mfuniko wa kubana.

Kuwaosha nako kuna ufundi, na ni ufundi ambao ningependa sana kuuona kwenye runinga siku moja. Maji ya uvuguvugu, chombo kipana. Wakorogwe taratibu kwa vidole, waachwe kidogo mchanga utue, kisha wainuliwe kwa viganja. Usimwage maji juu ya chujio, maana ukimwaga unawarudishia mchanga wao wenyewe. Rudia mpaka chini ya chombo pawe safi. Halafu wakaushwe kwenye kikaango kisicho na mafuta, moto mdogo, mpaka waanze kulia wakigusana. Ndipo mafuta yanapotiwa, na yanatosha kidogo tu, kwa sababu dagaa mkavu hanywi mafuta kama aliyeloa. Kitunguu, nyanya, maji ya limau mwishoni. Siku ya karanga, naunga kwa karanga zilizotwangwa na kuacha nyanya kando. Wanaliwa wazima na mifupa yao, kwa hiyo watoto wanapata madini ya mifupa bila kununua kopo la maziwa ya unga.

Mayu hakukulia ziwani. Utajiri wake ni wa viazi vitamu, na hapa ndipo aliponifungua macho zaidi. Kiazi kitamu kibichi hakikai. Ukikivuna, baada ya majuma machache kinaota, kinaoza au kinaliwa na wadudu. Wasukuma walilitatua hilo zamani kwa jua la kiangazi na kwa mawe makubwa yaliyotapakaa huku kwetu, ambayo watalii huyapiga picha na akina mama huanikia chakula. Viazi vikivunwa, nyakati za Mei hadi Julai, sehemu inageuzwa michembe na sehemu matobolwa.

Michembe hukatwa ingali mibichi. Viazi vinamenywa, lakini havikatwi papo hapo. Vinaachwa kivulini vinyauke kwanza, vilegee. Nilimuuliza Mayu kwa nini. Akanipa kiazi kilichotoka kumenywa na kingine kilichonyauka, akaniambia nikate vyote viwili. Kile kibichi kilikatika vipande vinene na kupasuka pembeni. Kilichonyauka kilifuata kisu, kikatoa vipande vyembamba vinavyopinda bila kuvunjika, na kipande chembamba kinakauka kabla ukungu haujakiwahi. Matobolwa huchemshwa kwanza, ndipo yakatwe na kuanikwa, yakatoka na utamu uliokolea na ugumu wa kutafuna polepole. Mtoto anaenda nayo shule mfukoni.

Faida ya matobolwa sikuiona mpaka nilipoanza kuhesabu mkaa. Yamekwisha kuiva tangu kiangazi, wakati kuni zilikuwa kavu na kazi ya shamba imepungua. Ikifika Januari na Februari, ghala limepungua, mvua inanyesha, kuni zimeloa, na mtu yuko shambani tangu alfajiri. Wakati huo yeye ana chakula kisichodai moto mwingi. Michembe inahitaji kuchemshwa, ila si kwa muda mrefu. Inaoshwa, inafunikwa na maji kidogo, ikilainika zinatiwa karanga zilizotwangwa au maziwa. Ukiipika hivyo na chai ya rangi pembeni, nyumba yetu nzima inatulia mezani, na mume wangu, ambaye kwa kawaida hula asubuhi akiwa amesimama, anavuta kiti.

Sitaki kuonekana kama naishusha runinga. Kuna mambo ilinipa ambayo si mama yangu wala Mayu alikuwa nayo, na la kwanza ni kuandaa kila kitu kabla ya kuwasha moto. Unawaona wapishi na vibakuli vyao: kitunguu hapa, nyanya pale, viungo vimepimwa. Nilikuwa nadhani ni urembo wa kamera. Kumbe nikianza hivyo, mkaa wangu unawaka nikiwa napika, hauwaki nikiwa namenya. Kwetu ilikuwa desturi kuwasha jiko kwanza, ndipo mtu atafute kisu, na makaa yakifika rangi nzuri, mboga bado iko kwenye ungo. Tangu nilipobadili mpangilio huo, gunia la mkaa linakaa muda mrefu kuliko zamani.

La pili ni kukata vipande vilingane. Kipande kikubwa na kidogo kwenye sufuria moja maana yake kimoja kitasagika wakati kingine kinakusubirisha, na kinachokusubirisha kinakula moto. La tatu ni kumkausha samaki kwa kitambaa kabla ya kumkaanga, na kutomgusa mpaka ngozi iachie yenyewe. Sato wangu siku hizi hawaachi nusu ya ngozi kwenye kikaango.

La nne ni supu ya kichwa cha sangara, na hili linahitaji maelezo.

Sangara si mwenyeji wa ziwa hili. Aliingizwa katika miaka ya 1950 na 1960, akala furu kwa wingi, wale samaki wadogo ambao wazee wa hapa wanawataja hadi leo kwa hamu. Baadaye vikaja viwanda vya minofu, na minofu ikawa inapelekwa Ulaya na kwingineko. Kilichobaki huku ni kichwa, mgongo na mkia, mapanki. Kuna watu wanaona aibu kusema wanakula mapanki. Mimi sioni aibu, ila naona uchungu, na uchungu wangu hauko jikoni. Mama anayeyachukua mapanki akayageuza kitoweo cha watoto sita anafanya kazi kubwa. Swali la kwa nini nyama ya samaki wetu ni ghali kwetu lisiulizwe kwake, liulizwe kwa wenye kupanga biashara.

Basi wapishi wa Kifaransa wanakithamini kichwa cha samaki na mifupa yake kuliko wengi wetu, maana ndimo mchuzi wao unamotoka. Kutoka kwao nilijifunza kutoa matamvua yote kwa sababu yanaleta uchungu, kuosha damu, kuanza na maji baridi, kuengua povu, na kuacha maji yatokote polepole bila kuchemka kwa fujo. Na nusu saa inatosha. Sisi tulikuwa tunachemsha muda mrefu tukiamini ndipo utamu unapotoka. Mifupa ya samaki ikizidi muda huo inaanza kuuharibu mchuzi badala ya kuunogesha. Nusu saa ya mkaa badala ya saa mbili, na supu tamu zaidi. Mayu alionja, akakaa kimya kidogo, akaniuliza kama yule mzee wa yai ndiye aliyenifundisha. Nikamwambia yeye na wenzake. “Mwambie ahsante,” akasema.

Kuhusu moto sina mengi. Tuna mtungi wa gesi wa kilo sita kwa chai na vitu vya haraka, na jiko la mkaa kwa maharage. Serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034, nami naunga mkono, maana moshi nimeuvuta vya kutosha. Ila hata kwenye gesi, maharage yaliyolowekwa usiku kucha yanaiva mapema, na sufuria iliyofunikwa inawahi. Makaa yanayokaribia kufa yanachemsha maji ya kuoga. Ukoko wa ugali unalowekwa kwenye maziwa, na wali kiporo unaliwa asubuhi na chai. Hayo kila nyumba ya hapa inayajua.

Nisichokipenda ni yale mashindano ambamo mpishi anakata samaki mzima ili atoe kipande kimoja kizuri cha katikati, na kinachobaki hatujui kimekwenda wapi. Nawapenda washiriki wake, watu wa kawaida waliotoka majikoni mwao, na machozi yao nayaelewa. Lakini ningetaka siku moja waamuzi waombe kuona pipa la taka kabla ya kuonja sahani. Hapo ndipo akina Mayu wangeshinda.

Julia Child, aliyeanza kufundisha mapishi ya Kifaransa kwenye televisheni ya Boston mwaka 1963, jiko lake lote limehifadhiwa kwenye jumba la makumbusho mjini Washington: sufuria, visu, meza. Sisi tuna Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, Kisesa, si mbali na nyumbani kwangu. Niliwahi kuwapeleka wanangu. Vyombo vya kale vipo, na nafurahi vipo. Ila Julia Child, pamoja na jiko lake, ameacha pia picha zake akipika, na mtu aliyezaliwa jana anaweza kumwona anavyogeuza mkono. Kibuyu cha kusukia maziwa kilichowekwa ukutani hakimwambii mwanangu kisukwe kwa mwendo gani wala siagi inajulikanaje kwamba imeshika.

Kwa hiyo nimeanza kumrekodi Mayu kwa simu. Kijana wangu wa sekondari anashika simu, mimi nauliza maswali. Michembe tayari. Dagaa nilijirekodi mwenyewe, Mayu akiwa pembeni ananikumbusha nisizibe mwanga. Ugomvi wetu mkubwa ni vipimo. Mimi nataka kusema vikombe, yeye anasema unga unaangaliwa mwiko ukisimama. Tumekubaliana kila kitu kipimwe kwanza bila yeye kuambiwa, halafu apike anavyojua, kisha tupime kilichobaki. Namba zinapatikana, na yeye hakatizwi.

Sasa zamu ni ya nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, mboga anayoipenda kuliko zote na ambayo mimi sijawahi kuiandaa tangu mwanzo. Nilimwambia tukanunue iliyo kavu tayari, tuanze kurekodi sufuria ikiwa jikoni. Akakataa. Anataka kamera ianze kunde zikipandwa, ionyeshe majani yanachumwa yakiwa na umri gani, kabla hayajakomaa, na mangapi yaachwe ili mmea uendelee kuzaa. Mume wangu ameshampigia simu kaka yake Kwimba atutengee kipande cha shamba. Mvua za vuli zikianza tutapanda.